Mlinzi wa Mlango Aliyerudishwa Mara Tisa

Nianze na mto, maana ndipo wengi wenu mnapokosea. Mto hautoki baharini kwenda mlimani, na ukishuka haugawanyiki kama matawi ya mpera. Mito hukutana, huungana, hunenepa, ikaenda zake pamoja. Mmeniletea ramani za nchi zenu za kubuni, na ni nzuri, zina rangi za kunitia wivu, lakini karibu kila moja ina mto unaopanda kilima. Zimwi lenye vichwa vitatu msomaji atalimeza bila maji. Mto unaopanda kilima atautema. Anayebisha aje asome barua za wasomaji nilizohifadhi kwenye boksi la viatu hapa nyumbani Bagamoyo. Nasema Bagamoyo hii yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani. Mhariri mmoja aliwahi kunipa pole ya joto, na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Mliuliza pia nilitumia programu gani. Nilitumia wembe. Wino ukikosea kwenye karatasi ya kufuatishia unaukwangua kwa wembe, taratibu, kwa ubapa, kisha unapasugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Ninyi mna kitufe cha kurudi nyuma. Sina ugomvi nacho, ila nimeona kinavyowafanya mchore kabla ya kufikiri. Mtu mwenye wembe hufikiri kwanza, maana karatasi inavumilia kukwanguliwa mara mbili, ya tatu inatoboka.

Kwa asiyejua, kitabu mwenza ni kile kinachofuatana na mfululizo wa riwaya za fantasia. Riwaya zinasimulia, mwenza anaonyesha. Humo mna ramani ya nchi isiyokuwepo, nasaba za wafalme ambao hawakuzaliwa, majani wanayojitibia, viatu wanavyovaa, na sura za watu ambao msomaji ameishi nao vitabu vingi bila kuwaona. Nilichora vitatu kabla sijastaafu. Viwili nilivichora kama fundi yeyote, nikalipwa, nikasahau. Kimoja nilimchorea baba mkwe wangu, na najua hicho ndicho kilichowaleta, maana mhariri wetu hawezi kufunga mdomo.

Lakini kwanza Bwana Ambakisye, maana bila yeye nisingekuwa na la kusema. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi katika ofisi ya ardhi, tulipokuwa tunachora viwanja na mipaka. Alikuwa mtu mfupi, msafi, asiyecheka kabla ya saa nne asubuhi. Ukimpelekea ramani yako hakuitazama. Aliigeuza, akafumba macho, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa karatasi. Akikuta mistari inapapasika, anakurudishia.

"Mkono mzito," anasema. "Unachora au unalima?"

Mimi nilikuwa na mkono mzito kuliko wote mle ofisini. Nimezaliwa Kawetele, nimeshika jembe kabla ya penseli, na mkono wangu haukujua kushika kitu bila kukikaba. Bwana Ambakisye alinifundisha kuweka ubao mgumu chini ya karatasi, kamwe si gazeti wala daftari, na kuiacha penseli ijibebe yenyewe. Miaka ikapita, nikawa mwepesi. Ila mpaka leo nikichoka, au nikiwa na majonzi, mkono unarudi Kawetele.

Sasa mkwe.

Niliolewa Lufingo, katika nyumba ya kizamani. Ninyi mnaokaa meza moja na baba wakwe zenu na kupiga nao selfi itabidi mvumilie maelezo. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala yeye hamtazami mkamwana. Ukimsikia anakuja njiani, unaingia kwenye migomba. Akikuhisi wewe, anakohoa ili upate nafasi ya kujificha. Jina lake hulitamki. Nyumba nyingi zimeacha, na makanisani walishasema si lazima. Yetu haikuacha. Ajabu ni kwamba mkwe wangu hakuwa mtu wa kizamani kwa lolote lingine. Alikuwa mwalimu mstaafu, msomaji wa kila kilichochapwa, na alijifungia chumbani mwake akaandika riwaya sita za nchi aliyoiita Kalwinde, yenye mazimwi, malkia mwenye jeshi la wanawake wapanda nyati, na mvua ya majivu. Mtu wa kubuni nyati wa kupandwa! Lakini mkamwana akipita na ndoo ya maji, aligeukia migomba kama askari aliyepigiwa amri.

Mimi nami nilipitiliza. Mume wangu, Lusajo, alikuwa ametundika picha ya baba yake sebuleni kwetu. Siku ya kwanza nilipoifuta vumbi niliigeuza ikatazama ukuta, na nikaiacha hivyo. Hakuna aliyeniambia kwamba picha nayo ni mkwe. Niliamua mwenyewe, na Lusajo alicheka wiki nzima, kisha akazoea kutazama mgongo wa fremu.

Jina la mkwe sitaliandika hapa, lipo kwenye jalada la kitabu. Na hilo jalada lilileta kesi. Mhariri, Rehema, binti wa Dar mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alitaka herufi za jalada zichorwe kwa mkono. Nikamuuliza mama mkwe: kuliandika jina ni sawa na kulitamka? Mama mkwe hakujua. Akawauliza kina mama wenzake baada ya ibada, wakabishana mpaka mvua ikawafukuza, na hukumu ikaja hivi: kuandika ni kazi, kutamka ni utovu wa adabu, ila nisisome nilichoandika. Basi nikaigeuza karatasi juu chini, nikachora kila herufi kama mtu anayechora bakuli na vijiko. Zilitoka nzuri kuliko herufi zote nilizowahi kuchora. Tangu hapo namfundisha kila anayekuja: herufi ichore juu chini, utaona umbo badala ya neno. Hii ni faida niliyoipata kwa adabu, na nyingine sikumbuki.

Rehema ndiye aliyeleta wazo la kitabu mwenza cha Kalwinde, na mkwe alikubali siku ileile, yeye ambaye kwa kawaida alijibu barua baada ya mavuno. Sababu niliisikia jikoni Lufingo, mama mkwe akimenya ndizi.

"Daktari amesema macho yanakwisha," aliniambia bila kuinua kichwa. "Presha ya macho. Moja limeshakwenda, la pili linafuata. Dawa inachelewesha tu."

Nikasema pole.

"Ndaga, asante. Sasa yeye halii macho. Analilia ile nchi yake. Miaka yote ameiona kichwani, anataka aione mbele yake, yote, hata mara moja. Kwa hiyo chora, mwanangu. Chora upesi."

Ndivyo kazi ilivyokuwa. Sikuwa nashindana na mpiga chapa, nilikuwa nashindana na jicho moja.

Utaratibu wetu usingekubalika katika ofisi yoyote. Kila Jumamosi nilikwenda Lufingo na jalada la michoro, nikakaa jikoni. Yeye alikaa chumbani. Mama mkwe alichukua michoro akaipeleka, akarudi na kikaratasi. Mkwe aliandika neno moja, mawili. "Ndiyo." "Siyo." "Pembe ndefu." Akiwa na la ziada alimwambia mama mkwe kwa mdomo, na hapo ndipo mambo yaliponoga.

Siku moja mama mkwe alirudi na picha ya malkia wa wapanda nyati. "Amesema anenepe."

Nikamnenepesha. Wiki iliyofuata: "Bado. Mashavu."

Nikaongeza mashavu, na mikono, na shingo ya heshima. Picha ikapita. Ni baada ya kitabu kuchapwa ndipo tulipogundua kwamba mkwe hakuwahi kusema neno juu ya unene. Yalikuwa maoni ya mama mkwe. "Malkia gani amekonda vile?" alijitetea. "Nani angemwogopa?" Wasomaji wanampenda yule malkia kuliko wote. Mchoraji asiyekuwa na mama mkwe ajitafutie.

Makosa yangu mwenyewe yalikuwa ya mtu wa Tukuyu. Kusini mwa Kalwinde ni nchi kavu, imeandikwa wazi tangu kitabu cha kwanza, mvua haijanyesha tangu enzi za mababu. Nikachora mji mkuu wa kusini, soko, watu, mbuzi, nikaridhika nao sana. Kikaratasi kikarudi: "Mbona kila mlango una mwavuli?" Nikaitazama picha upya. Kweli, kila mlango ulikuwa na mwavuli umeegemezwa. Paa zote zilikuwa za mteremko mkali, na pembeni mwa barabara nilikuwa nimechimba mifereji. Jangwani! Mwenye duka la vitambaa alikuwa amevaa gambuti. Mkono ulikuwa umechora ulichozoea kukiona dirishani, na kichwa hakikuuliza. Nilikwangua miavuli kumi na minne. Mmoja ulinikwepa, upo kwenye kitabu mpaka leo, nyuma ya mbuzi wa tatu. Msitume tena barua, najua.

Dawa ya makosa kama hayo ni daftari. Kabla ya kuchora chochote, soma vitabu vyote ukiwa na daftari pembeni, uandike kila kitu kinachoonekana: nani ana jicho la kahawia, nani alikatwa mkono upi, mlango unafunguka ndani au nje. Kwenye kitabu mwenza kingine, cha mwandishi mwingine, nilimpa mnyama mmoja miguu kumi na minne ukurasa wa tatu, na miguu sita ukurasa wa hamsini. Mtoto wa shule aliniandikia akiuliza kama miguu minane iliyobaki ilidondoka njiani. Nilimjibu kwamba ndiyo. Baadaye niliona aibu, nikamwandikia ukweli.

Na umbali msipime kwa rula, upimeni kwa miguu. Mwandishi akisema jeshi lilitembea siku mbili, nenda utembee. Mimi nilipanda milima ya Lufingo na kapu la magimbi kichwani ili nijue mtu mwenye mzigo anafika wapi kabla hajaomba maji. Hafiki mbali. Kalwinde nzima ilipungua nusu siku ile, na mkwe alipoiona ramani iliyopungua aliandika: "Sasa naamini." Kile kikaratasi ninacho.

Ramani ile ilikamilika katika msimu wa masika. Mama mkwe aliniambia mkwe aliichukua, akaisogeza karibu na dirisha, akaweka pua yake karibu kabisa, na hakuinuka mpaka chakula kilipoiva. Alikuwa anataja miji, mmoja mmoja, na mimi nikiwa jikoni nilisikia sauti yake ukutani ikisafiri kutoka kaskazini kwenda kusini. Nilifurahi. Niliacha kukoroga ndizi, zikaungua, na hakuna aliyenisema.

Ikabaki picha moja.

Katika vitabu vyote sita kuna Mlinzi wa Mlango. Ni mzee anayekaa kwenye mlango wa mlima, pale kila mtu anapoingilia Kalwinde. Hapigani, hana uchawi. Majeshi yanapita, malkia anapita, mazimwi yanapita, naye anawafungulia. Mwandishi hakumweleza sura mahali popote. Aliandika tu, mara moja, katika kitabu cha pili, kwamba wote hupita mbele yake na hakuna anayemtazama. Picha yake ilipaswa kuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu mwenza, peke yake.

Nilimchora mrefu mwenye ndevu na mkuki. Kikaratasi kikarudi: "Siye." Nikamchora mnene, anayesinzia. "Siye." Nikamchora jitu, nikamchora kipofu, nikamchora amevaa ngozi, nikamchora kijana mwenye nywele nyeupe. Nilimpa sura ya Bwana Ambakisye. Siye. Nikamuuliza mama mkwe kama kuna maelezo yoyote.

"Nimemuuliza. Amenyamaza."

"Amenyamaza vipi?"

"Kama anavyonyamaza."

Wakati huo herufi za vikaratasi zilikuwa zinakua. Mwanzoni aliandika herufi ndogo za kialimu, zimenyooka. Ikafika "Siye" moja ikajaza karatasi nzima. Ya nane ilipanda juu kama mto wenu. Ya tisa, herufi zilikuwa zimekaa moja juu ya nyingine, mpaka nikaisoma kwa kukisia. Jumamosi iliyofuata hapakuwa na kikaratasi. Mama mkwe alirudi na picha ya kumi mkononi kama alivyokwenda nayo.

"Hajaiona," alisema. "Haoni tena."

Nilikaa kwenye kigoda nikatazama jivu. Alikuwa ameiona nchi yake yote isipokuwa mtu mmoja, na kosa lilikuwa langu. Ndivyo nilivyoona, na sijabadilika.

Rehema alinipigia simu akajaribu kunisaidia. "Mama, mvalishe kofia kubwa, uso uwe kivuli. Nani atajua?" Ushauri mzuri wa kazi, hata ninyi ningewapa. Nikamwambia nitafanya hivyo. Nikachora kofia.

Nilipoipeleka Lufingo, mama mkwe safari hii aliiweka mezani akaitazama. Tangu picha ya malkia alikuwa anabeba tu, bila kutazama. "Huyu ni nani kajifunika hivi?"

"Mlinzi wa Mlango."

"Yule mzee anayekaa hapo na watu wote wanapita hawamtazami?"

"Huyo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu. Miaka yote hii! Huyo si ni mzee wangu? Amejiandika mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Aseme nini? Amwambie mkamwana wake aje amtazame uso? Angekufa kwanza."

"Na wewe Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza ni nani? Uliuliza anasemaje. Mimi nabeba makaratasi."

Nikarudi Bagamoyo mbio. Nikamuuliza Lusajo, mtoto wa kumzaa, baba yako anafananaje. "Anafanana na baba," akasema. Dereva wa lori la majani ya chai, anaikumbuka kila kona ya barabara ya Mbeya, uso wa baba yake hawezi kuueleza. Nikaiendea ile fremu ukutani, nikasema leo nakugeuza. Nikaigeuza. Miaka yote ilikuwa imebusu ukuta wa nyumba ya Tukuyu, na unyevu wetu mnaujua. Kuvu ilikuwa imekula kila kitu. Ilibaki kola, tai, na sikio moja.

Hapo nikaelewa nimefanya nini kwa adabu yangu ya kupitiliza.

Jumamosi nikaenda na karatasi nene, penseli ngumu, na jogoo. Jogoo lilikuwa wazo la mama mkwe, ili wazee wakiuliza kwa nini tumevunja mwiko, kuwe na faini ya kuwaonyesha. Alinipokea mlangoni.

"Ugonile," akanisalimu, kisha hapohapo, "Ingia."

"Mama, siwezi."

"Heshima si utumwa. Yeye wa kutokukuona, haoni. Imebaki wewe. Na mimi goti limechoka kupeleka na kurudisha."

Nikaingia chumbani kwa baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa nimejifunika uso kwa kitenge kwa mazoea, mbele ya mtu asiyeona. Na yeye, aliposikia hatua zangu, alikohoa, akageuza kiti chake kikatazama dirisha na migomba ambayo hakuiona. Tukakaa hivyo. Mama mkwe alisimama katikati yetu, akitutazama kwa zamu.

"Mwambie nimegeuka," mkwe akasema.

"Amegeuka," mama mkwe akaniambia.

"Mwambie ageuke tena. Nahitaji uso," nikasema.

"Anahitaji uso."

Kisha kiti kikalia sakafuni. Nikashusha kitenge.

Alikuwa mtu wa kawaida. Sijui nilitegemea nini, pengine simba. Uso mwembamba, mashavu yaliyoingia ndani, nywele fupi zimebaki pembeni, na kovu dogo juu ya nyusi ya kulia. Alikuwa amenyolewa asubuhi ile, na ametoka damu kidogo kidevuni. Mdomo ulikuwa wa Lusajo. Nilikuwa nimelala pembeni ya ule mdomo miaka yote nikiutafuta kwenye majitu na wazee wa ndevu.

Sikuwa na ubao. Niliusahau nyumbani. Nikaweka karatasi juu ya gazeti lililokunjwa, mapajani, nikachora. Mkono ulikuwa Kawetele. Nilikuwa nalia, nilijua unakandamiza, na sikuweza kuuzuia. Kila mstari nilisikia ukizama kwenye gazeti. Bwana Ambakisye angenitoa nje. Nilichora paji, kovu, mashavu, mdomo, na nilipomaliza nilimkabidhi mama mkwe karatasi. Picha ilikuwa sahihi, na wa kuikagua alikuwa haoni tena.

Mama mkwe akamwekea mikononi. "Amemaliza. Shika tu."

Aliishika. Alipitisha vidole mbele, taratibu, na nikaona hapati kitu, maana penseli haina mwinuko. Kisha akaigeuza. Sijui kwa nini aliigeuza. Kidole gumba chake kikapita mgongoni mwa karatasi na kikasimama. Kikarudi. Kikafuata paji, kikashuka kwenye shavu, kikapanda, kikakuta kovu. Mkono wake mwingine ukainuka ukagusa kovu lenyewe. Mgongoni mwa karatasi kila kitu huhama upande, kulia kunakuwa kushoto, na ndivyo mtu anavyoujua uso wake mwenyewe, kwenye kioo cha kunyolea.

Alikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Mimi na mama mkwe hatukusogea.

"Mwambie," akasema, "ndiye."

"Amesikia," mama mkwe akajibu.

Kitabu kilitoka, mnacho. Mlinzi yupo ukurasa wa mwisho, amechapwa vizuri, wino safi. Mkitaka geuzeni ule ukurasa mpapase nyuma yake. Hamtakuta kitu, maana mashine ya kuchapa ina mkono mwepesi. Mchoro wenyewe sikuupata tena. Mkwe aliushikilia mpaka alipofariki, na mama mkwe akamwekea jenezani, upande wa penseli chini, mgongo wa karatasi juu, chini ya kidole chake.